Mashine ya Njia Tatu Katika Nyumba ya Njia Moja

Katika watu wa pwani yetu waliofanya makazi Dubai, wamo wengi ambao mikono yao haikubali kukaa bure; na mtu wa namna hiyo, siku ya mapumziko, humkuti barazani, bali katika maduka ya mashine kuukuu ya Al Quoz au ya Sharjah, akipapasa vyuma vilivyotoka katika karakana zilizofungwa, akikadiria kwa macho kerezo, randa au msumeno wa mbao, na akiwaza mahali atakapoiweka mashine hiyo katika gereji ya nyumba yake, au jahazi litakaloichukua mpaka Unguja au Mombasa. Sahibu yangu mmoja alinunua kerezo kwa njia hiyo, kwa bei iliyomfurahisha, na jioni ile ile akanipigia simu kwa swali ambalo sisi mafundi wa umeme tumelizoea: "Fundi, mashine ina nyaya tatu za umeme na moja ya ardhi, na ukutani kwangu kuna tundu la plagi tu, nifanyeje?"

Jawabu la swali hilo halimo katika kuunganisha nyaya pekee, kwa sababu kinachokosekana katika gereji yake si nguvu ya umeme, bali ni mpangilio wake. Na asiyefahamu tofauti ya mambo mawili hayo aghalabu huiunguza mali yake akidhani anaijaribu.

Watazame kina mama watatu wanapotwanga mpunga katika kinu kimoja: mchi wa kwanza ukishuka, wa pili u njiani, na wa tatu ungali unapanda, wala michi haigongani, wala kinu hakipati nafasi ya kutulia. Ndivyo ulivyo umeme wa njia tatu. Umeme wa Dubai, sawa na wa Tanzania na Kenya, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani kila mwendo mmoja huchukua milisekunde 20. Na katika njia tatu, kila mkondo huufuata mwenziwe baada ya theluthi ya muda huo, takriban milisekunde 6.7, hata jumla ya nguvu zake ikawa moja daima. Umeme wa njia moja ni mchi mmoja: nguvu yake hufika kileleni, kisha hushuka mpaka sifuri, mara 100 katika kila sekunde.

Ndani ya mota, mikondo ile mitatu ikipita kwa zamu katika koili zilizopangwa duara, huzaa uga wa sumaku unaozunguka wenyewe, na rota iliyo katikati huufuata bighairi ya kusukumwa na mtu. Hikima hii ilijulikana kwa kazi za Galileo Ferraris na Nikola Tesla katika miaka ya 1880, na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akaitengenezea mota ya njia tatu mwaka 1889. Miaka miwili baadaye, umeme wa namna hiyo ulisafirishwa kilomita 175 kutoka Lauffen mpaka Frankfurt, na tangu hapo viwanda vya dunia vimeushika. Ama mota hiyo hiyo ikipewa njia moja tu, uga wake hauzunguki, bali huvuta huku na huku. Mota hunguruma, haiondoki, na joto hupanda mpaka koili zikaungua. Wako wanaoizungusha kwa mkono ili ianze, na kweli huanza, tena kwa upande wowote iliosukumiwa. Lakini ni mchezo wa hatari kwa vidole, na mota huendelea kuteseka.

Jambo la kwanza kwa mwenye gereji ni kuuliza kama njia tatu zimekwisha kufika nyumbani kwake. Villa nyingi za Dubai, kwa ajili ya viyoyozi vyake, huingiziwa njia tatu tangu zijengwe, ilhali mwenyewe haoni ila matundu ya njia moja. Swichi kuu yenye vichwa vitatu au vinne ni ishara njema. Zikiwapo, na mzigo ukiruhusu, hakuna dawa bora kuliko kuvuta laini mpya kutoka ubaoni kwa mkono wa mkandarasi aliyekubaliwa na DEWA, ambayo ndiyo mamlaka ya umeme na maji ya Dubai tangu mwaka 1992, na kwa ridhaa ya mwenye nyumba ikiwa umepanga. Na aliye Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, kabla ya hila nyingine zote, awaulize watoaji umeme wa huko, ZECO, TANESCO au Kenya Power, gharama ya kuletewa njia tatu.

Zisipopatikana, ziko hila nyingine. Ya kale na rahisi ni kapasita, inayotoa mfano wa njia ya tatu kwa kuutanguliza mkondo. Kipimo cha mafundi ni takriban mikrofaradi 70 kwa kila kilowati ya mota, kwa volti 230. Lakini mota hapo hutoa kama theluthi mbili tu za nguvu zake, na huanza kwa unyonge, kwa hiyo inafaa feni au mashine ndogo ya kutobolea, haifai chombo kinachoanza na mzigo. Ya pili ni kuizungusha mota moja ya njia tatu bila ya kazi, ili izalishe njia inayokosekana kwa ajili ya mashine nyingine. Hufaa karakana yenye mashine kadhaa, walakini hula umeme na kupiga kelele mchana kutwa.

Ya tatu, na ndiyo niipendayo kwa mashine moja ya nyumbani, ni inveta. Chombo hiki huupokea umeme wa njia moja, huugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 325 hivi, kisha huukatakata kwa kasi na kuunda mikondo mitatu mipya iliyopangwa barabara; fauka ya hayo, humwezesha fundi kupunguza mwendo kwa kitufe na kuianzisha mota taratibu, bila ya mkondo ule wa kuanzia unaofika mara 6 au 7 ya kawaida.

Walakini inveta ya kawaida ya volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya volti 230 kati ya njia na njia, ilhali mashine ya kiwandani ilizoea 400. Hapa ndipo penye kadhia yote, na jawabu limeandikwa katika kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota. Kibati kikisema 230/400, zile ncha sita zilizo katika kisanduku cha mota, zilizofungwa kwa mtindo wa nyota, hufunguliwa na kufungwa kwa mtindo wa pembetatu, na mota itafanya kazi kwa utimilifu wake. Kikisema 400/690, pembetatu ndiyo ile inayotaka volti 400, na kwa 230 nguvu ya kuzungusha hubaki theluthi hivi. Na zikitokeza ncha tatu tu, fundo la nyota limefichwa ndani, na mota haina budi kufunguliwa na fundi wa koili.

Hesabu ya mkondo nayo isidharauliwe. Mota ya kilowati 2.2 inayokula chini ya amperi 5 kwa njia tatu za volti 400, kupitia inveta huweza kuvuta amperi 20 hivi katika njia moja. Na plagi yetu ya pini tatu, ya Dubai na ya Unguja pia, ina kikomo cha amperi 13. Basi inveta iwe na laini yake, swichi yake, waya wa ardhi ulio imara, na kinga ya uvujaji ya aina inayokubaliana na inveta. Pasiwekwe swichi kati ya inveta na mota. Pampu na taa za mashine zilishwe kando. Ukizima, ngojea dakika kadhaa kabla ya kufungua kifuniko, kwani kapasita za ndani huhifadhi umeme unaoua. Tena kumbuka kwamba inveta nyingi zimekadiriwa kwa joto la nyuzi 40, na gereji iliyofungwa, katika kiangazi cha Dubai, hupita hapo. Ichaguliwe kubwa kuliko haja, iwekwe mbali na vumbi, na ipate hewa.

Sahibu yangu nilipomwomba anisomee kibati, kilisema kilowati 5.5, volti 400/690. Nilimwambia kweli kwamba njia yake moja haiibebi mota hiyo. Aibadilishe kwa ndogo ya 230/400, akubali kukata chuma kwa taratibu, au alete njia tatu. Kama angelikisoma pale dukani, angelijua bei ya kweli ya kerezo lake kabla ya kutia mkono mfukoni. Nawe msomaji, utakaposimama mbele ya mashine inayokuvutia, futa vumbi la kibati kwanza, usome volti, amperi na kilowati, uviandike, kisha ndipo uulize bei.