Mbigili na Waridi la Jangwani: Maua ya Ardhi Kame

Mkazi wa Kakamega, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, huelekea kudhani kwamba ua ni tunu ya ardhi yenye rutuba. Lodwar, katika Kaunti ya Turkana, hupata takriban sehemu moja kwa kumi ya mvua hiyo, na ardhi yake ni ya mchanga na changarawe. Hata hivyo, huko nako maua huchanua. Makala haya yanafafanua mbinu mbili za mimea ya huko, pamoja na deni ambalo Kiswahili kinadaiwa.

Mbinu ya kwanza ni kungoja. Mmea wa mbigili, ambao hutambaa, huukabili ukame ukiwa mbegu. Mbegu hizo hufungiwa ndani ya tunda gumu lenye miiba, na huweza kulala ardhini kwa miaka. Mvua inyeshapo, hazioti zote kwa pamoja. Nyingine husalia, ili mvua ikikatika ghafla kizazi kisikatike. Zilizoota hutoa maua ya manjano yenye petali tano baada ya majuma machache, kisha miiba ya matunda hunasa kwenye nyayo na kusambaza mbegu.

Mbinu ya pili ni kuweka akiba. Waridi la jangwani, ambalo wanasayansi huliita Adenium obesum, huhifadhi maji katika shina lililovimba. Obesum ni neno la Kilatini lenye maana ya 'nene'. Wakati wa kiangazi mmea huo hupukutisha majani ili usipoteze maji, na mara nyingi huchanua matawi yakiwa matupu. Aidha, utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, ambayo wawindaji waliipaka mishale yao.

Deni la lugha liko wapi? Wasemaji wengi wanapotaja mbigili hukusudia miiba. Ua lake halikumbukwi. Waridi la jangwani nalo si waridi kamwe, bali ni wa ukoo mmoja na mbungo. Jina hilo ni tafsiri iliyotoka bustanini, ilhali wafugaji wa kaskazini wameishi na mmea wenyewe vizazi na vizazi na kuupa majina katika lugha zao. Majina hayo huzikwa pamoja na wazee. Mwanafunzi wa leksikografia atakayeyakusanya na kuyapendekeza kwa watunga kamusi atakuwa ameiongezea lugha maneno yaliyotokana na ujuzi wa wenyeji.