Sanduku la Mboga Katika Jiji la Shaba

Hapa Lubumbashi, kabla ya kuuliza utapanda mbegu gani, uliza utapanda katika udongo gani. Jiji hili lilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru la kuyeyushia madini likawashwa mwaka 1911. Kwa miongo mingi pepo za kiangazi, zinazovuma kutoka kusini-mashariki, zilibeba moshi wake na kuuangusha kaskazini-magharibi, juu ya mitaa kama Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bustani za jiji na kukuta shaba, kobalti, kadimiamu na risasi kwenye udongo na kwenye mboga zenyewe. Kadimiamu huumiza figo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Na mboga za majani, hizo hizo tunazolia bukari (ugali) kila siku, hunyonya kadimiamu kuliko nyanya au gombo (bamia).

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, nakaa Katuba. Hatuko kwenye njia ya moshi ule, lakini udongo wa kujazia viwanja huletwa na malori bila mtu kusema umechimbwa wapi. Kwa hiyo mboga za nyumbani kwangu sizipandi chini. Nazipanda kwenye masanduku ya mbao, urefu mita 2, upana mita 1, kimo sentimita 40. Kimo hicho nakitetea kwa kila jirani anayekuja kuangalia. Sanduku fupi hukauka kabla ya adhuhuri, na karoti zake hupinda.

Sanduku lisikae juu ya ardhi. Liinue kwa matofali, toboa matundu chini, maji yapate pa kutokea. Matofali yana kazi nyingine pia: mchwa wa huku Katanga hawaachi ubao. Kila wiki napita na fimbo, navunja vijia vya udongo wanavyojenga kupandia. Wengine hupaka mbao oili chafu ya gari ili kuwafukuza; sumu hiyo inaishia kwenye udongo, na ulichokuwa unakikimbia unakuwa umekileta mwenyewe. Vilevile, pipa lililobeba asidi au kemikali za mgodi lisiguse chakula, hata liuzwe kwa bei ya bure, hata lioshwe mara ngapi.

Mchwa hao hao ndio wanaotupa udongo bora. Vichuguu vikubwa vilivyotapakaa kuzunguka jiji ni kazi ya vizazi vingi. Kimoja kilichopimwa umri katika pori la huku kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Udongo wetu mwekundu wa kawaida una asidi, na asidi huziachia metali ziingie kwenye mizizi. Udongo wa kichuguu kikubwa huwa na kalsiamu nyingi, inayoituliza asidi hiyo. Ila ni mfinyanzi, peke yake hushikana. Nachanganya ndoo moja ya kichuguu, moja ya udongo mweusi wa porini na moja ya samadi iliyooza. Samadi ya kuku naiacha miezi mitatu kwanza, maana ikiwa mbichi huunguza mizizi. Na kichuguu kilicho jirani na mgodi sikichoti kabisa: mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana, hata wachunguzi wa madini huvipima vichuguu wanapotafuta shaba.

Mwaka wa sanduku unaanza Oktoba, mwezi wa joto kali. Udongo umeshuka, kwani samadi imeliwa na kuoza. Hapo narekebisha mbao, naongeza samadi na kupanda lengalenga (mchicha), matembele na gombo. Lengalenga inapenda joto. Baada ya wiki nne hivi unaanza kuchuma. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inanyesha kwelikweli, na adui sasa ni maji. Matone huupiga udongo ukajifunga, hurusha matope kwenye majani na kuosha rutuba ikatoka kwa matundu. Nafunika kwa majani makavu, naongeza samadi kidogo katikati ya msimu, nazibua matundu kwa kijiti. Nyanya siweki wakati huo, ukungu unazimaliza.

Zamu ya nyanya ni Machi mwishoni, mvua inapopungua. Zikifuatiwa na kabichi, karoti, vitunguu na seleri, sanduku linajaa hadi Agosti. Huo ndio msimu ninaoupenda. Hewa ni kavu, magonjwa machache. Juni na Julai usiku ni baridi, lengalenga inadumaa, usihangaike kuilazimisha. Kabichi ndiyo inafurahi.

Kuanzia Septemba maji ndiyo kazi yote. Sanduku la mita 2 za mraba linaweza kunywa lita 10 kwa siku, na likiwa juani hata zaidi. Namwagilia alfajiri na jioni, nusu kwa nusu, kwenye shina. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, yenye sabuni hayafai. Mkeka wa matete juu ya fito hupunguza jua na kukinga sehemu ya vumbi.

Nasema sehemu, kwa sababu sanduku linachagua udongo, halichagui hewa. Vumbi la barabara linatua juu ya kila jani. Mama, dada, yeyote unayepika: osha mboga mara mbili au tatu kwa maji safi, jani kwa jani, kabla ya kuzikata. Na siku utakapoagiza udongo wa sanduku lako, muulize anayeuleta ameuchimba wapi. Akishindwa kujibu, usinunue.