Wabia Wakigombana, Ufunguo wa Duka Ukae kwa Nani?

Ndugu msomaji, wewe uliye zamu kwenye kaunta ya kituo cha polisi karibu na soko la Konyo Konyo au lile la Kastam hapa Juba, bila shaka umekwisha kuwaona watu wawili wa namna hii. Wanaingia pamoja, na wote wanasema kwa wakati mmoja. Mmoja anadai kwamba mwenzake ni mwizi, kwa sababu amechukua fedha za mauzo pamoja na gari la kampuni. Mwenzake anajibu kwamba mtu hawezi kujiibia mwenyewe, kwani gari ni lake na fedha ni zake. Ukiwataka hati, wa kwanza anatoa cheti cha usajili chenye jina lake, na wa pili anatoa risiti za saruji na mabati alizolipia yeye. Askari mwenye haraka atamweka mmoja ndani, na mara nyingi atakayewekwa ndani ni yule asiye na jamaa mwenye nyota begani.

Hawa si mwizi na aliyeibiwa. Ni wabia waliochokana. Askari anayewatenda kama mwizi na aliyeibiwa huweza kuiua biashara iliyokuwa ikilisha watu ishirini, akidhani kwamba ameilinda.

Hapana budi tukumbuke jinsi ubia wa Juba ulivyozaliwa. Baada ya Mkataba wa Amani wa mwaka 2005, wafanyabiashara walimiminika hapa kutoka Uganda, Kenya, Ethiopia na Eritrea. Walileta mahindi, bia, bodaboda na vifaa vya ujenzi, na wengine wakajenga hoteli za mahema kando ya Mto Nile. Mgeni alikuwa na fedha na ujuzi, lakini hakuwa na kiwanja, wala jamaa, wala lugha ya ofisini. Mwenyeji alikuwa na hivyo vitatu, ila mtaji hakuwa nao. Serikali nayo, kwa nia njema ya kuwainua wananchi wake, iliweka taratibu za usajili zilizotaka kampuni ya mgeni, isipokuwa ndogo ambazo ziliachiwa wenyeji, iwe na mbia wa nchini mwenye hisa zisizopungua asilimia 31.

Hapo ndipo fundo linapofungwa. Katika daftari la Mrajisi wa Makampuni, mwenyeji ana hisa 31 katika kila 100. Katika maneno waliyosemezana wakinywa chai, pengine waliafikiana kwamba atapewa kitu kidogo kila mwezi na asiulize mahesabu. Biashara ikiwa changa, kila mmoja huyaheshimu yale maneno ya chai. Ikinona, mwenyeji hulikumbuka daftari, na mgeni hukumbuka kwamba hakuna senti iliyotoka mfukoni mwa mwenziwe. Wote wawili wana haki ya aina fulani, na ndiyo sababu ugomvi huu ni mgumu kuliko wizi wa kuku.

Sheria imekwisha kuandikwa. Kuna Sheria ya Mikataba ya mwaka 2008 na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012, nazo zimefuata mapokeo ya Kiingereza, ambayo Sudan Kusini iliyachagua ilipoachana na njia ya Khartoum. Katika mapokeo hayo kampuni ni mtu wa peke yake kisheria. Gari la kampuni si la mbia huyu wala la yule, ni la kampuni. Kwa hiyo yule aliyesema kituoni kwamba mtu hawezi kujiibia mwenyewe amekosea, kwani yawezekana kabisa mbia akaiibia kampuni, na Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 inalitambua kosa la kuvunja uaminifu. Lakini aliyemwita mwenzake mwizi naye huenda amekosea, kwa maana mkurugenzi aliyepewa mamlaka ya kutumia fedha za kampuni hageuki mwizi kwa kuwa tu mwenziwe hakupendezwa na matumizi yake. Jambo hilo huhitaji vitabu vya mahesabu, na kaunta ya polisi haina mhasibu.

Katika sheria hiyo ya Kiingereza iko kesi moja ambayo wanasheria huisoma mpaka leo, na chanzo chake kilikuwa mazulia. Wafanyabiashara wawili mjini London, Ebrahimi na Nazar, waliuza mazulia kwa ubia wa nusu kwa nusu. Mwaka 1958 waligeuza ubia wao kuwa kampuni, na punde mwana wa Nazar akaingizwa, kila mmoja wa wazee wale akimpa sehemu ya hisa zake. Basi baba na mwana wakawa wawili dhidi ya mmoja. Mwaka 1969 walipiga kura wakamwondoa Ebrahimi katika ukurugenzi, na kwa kuwa faida yote ilikuwa ikigawanywa kama mishahara ya wakurugenzi, akabaki na hisa zisizomletea hata kikombe cha chai. Kwa maandishi ya sheria hawakukosea, kwani wingi wa kura walikuwa nao. Mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema kwamba kampuni iliyojengwa juu ya kuaminiana haiwezi kuendeshwa kwa kuhesabu kura peke yake, ikaamuru kampuni ifungwe na mali igawanywe. Dawa ya ugomvi ilikuwa kifo cha kampuni yenyewe. Dawa kali! Lakini ilitolewa na majaji baada ya kusikiliza pande zote.

Katika Afrika Mashariki yetu hakuna ubia uliougua kwa gharama kubwa kuliko ule wa IPTL ya Tanzania. Kampuni hii ya kufua umeme ilianzishwa mwaka 1994 na wabia wawili: Mechmar ya Malaysia, asilimia 70, na VIP Engineering ya James Rugemalira, asilimia 30. Mwaka 1995 IPTL ilifunga mkataba na shirika la umeme, TANESCO, wa kuuza megawati 100 kwa miaka 20, na mtambo ukajengwa Tegeta, Dar es Salaam. Kabla taa hazijawaka wabia walikuwa wamekwisha kutofautiana, VIP ikilalamika juu ya gharama za mtambo na mtaji ambao mwenzake alipaswa kuuleta. Mtambo ulianza kazi mwanzoni mwa mwaka 2002, na mwezi Februari mwaka huo huo VIP ikaenda Mahakama Kuu kuomba kampuni ifilisiwe.

Mwenye thelathini aliweza kumshtaki mwenye sabini, na kesi hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. TANESCO nayo ikabishana na IPTL juu ya malipo, ndipo mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu katika Benki Kuu, iliyojulikana kwa jina la Escrow, fedha zikae humo mpaka ukweli upatikane. Huko nje, deni la mtambo lilinunuliwa na tawi la Hong Kong la benki ya Standard Chartered, nayo ikafungua mashauri yake ya kimataifa. Mwaka 2013 VIP iliuza hisa zake kwa kampuni ya PAP ya Harbinder Singh Sethi kwa dola milioni 75, na kesi ya ufilisi ikaondolewa. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaikabidhi PAP shughuli za IPTL. Haikupita miezi mingi fedha za Escrow, zaidi ya dola milioni 120, zikatoka.

Kilichofuata kinajulikana. Bunge liliwaka moto mwishoni mwa mwaka 2014. Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema, alijiuzulu mwezi Desemba, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa mwezi huo huo, na Waziri wa Nishati, Sospeter Muhongo, akajiuzulu Januari 2015. Mwaka 2016 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamuru TANESCO iilipe benki ile ya Hong Kong dola milioni 148. Mwezi Juni 2017 Rugemalira na Sethi walikamatwa wakashtakiwa kwa uhujumu uchumi. Walikaa mahabusu hadi mwaka 2021, Sethi akatoka baada ya kukubaliana na upande wa mashtaka, na Rugemalira baada ya mashtaka dhidi yake kufutwa. Miaka minne rumande, na yote yalianzia kwenye swali ambalo wabia wawili wangeweza kulijibu kwa kalamu siku ya kwanza: nani analeta nini, na kwa bei gani?

Na sisi hapa Juba tusidhani tuko mbali. Askari aliyelinda visima vya Paloch alikuwa akilinda mali ya wabia. Kampuni ya Dar Petroleum, inayochimba huko, iligawanywa baina ya CNPC ya China yenye asilimia 41, Petronas ya Malaysia asilimia 40, na wengine wadogo wakiwamo Nilepet, shirika letu la mafuta, lenye asilimia 8. Hisa hizo 8 zilikuwa za Sudapet ya Khartoum hadi mwaka 2011, Serikali ya Juba ilipozihamishia Nilepet baada ya uhuru, na Sudapet ikafungua madai mwaka 2012. Kisha Desemba 2022 Petronas ilitangaza mpango wa kuiuzia Savannah Energy ya Uingereza hisa zake zote za nchini kwa bei isiyozidi dola bilioni 1.25. Serikali haikuridhia. Agosti 2024 Petronas ilijiondoa baada ya miaka kama thelathini, nayo ikapeleka madai yake katika kituo cha usuluhishi kilichoko Washington. Je, mbia aweza kumuuzia mgeni nafasi yake bila ridhaa ya waliobaki? Swali ni lile lile la mwenye duka la Konyo Konyo, ila huku lina mawakili wa suti.

Tofauti moja inanisikitisha. Wabia wa mafuta walipogombana, hakuna aliyemwita askari amfunge mwenzake. Mwenye duka humwita. Na afande aliyekubali jina lake liandikwe kwenye asilimia 31 kwa ajili ya kulinda biashara ya rafiki yake hujikuta siku moja yeye mwenyewe ni mdaiwa, na cheo chake kinatajwa mahakamani. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 imewakataza wenye nyadhifa za kikatiba kufanya biashara wakiwa madarakani. Wenye vyeo vya chini ya hapo, na askari wanaochanga akiba zao kununua lori au mashine ya kusaga, wajue kwamba jina kwenye daftari la Mrajisi ni dhamana hata kama hawajapokea faida hata kidogo.

Wanaochanga waandike, basi. Waandike nani ametoa kiasi gani, nani anatia sahihi benki na kama sahihi ni moja au mbili, mahesabu yatasomwa lini. Zaidi ya yote waandike mtu atatokaje: akitaka kuondoka, akifa, au akihamishiwa Malakal, hisa zake zitathaminiwa na nani na nani ana haki ya kwanza kuzinunua. Wengi huona haya kuuliza habari za kifo siku ya kufungua duka, na mjane wa askari ndiye anayekuja kuiuliza baadaye, akiambiwa kwamba lori lilikuwa la mwenye jina.

Kwa aliye kaunta, Katiba hiyo hiyo inasema mtu aliyekamatwa kwa uchunguzi asizuiliwe zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani. Muda huo hautoshi kusoma vitabu vya mahesabu vya miaka mitatu, lakini unatosha kuuliza maswali machache: kampuni imesajiliwa kwa jina gani, nani mkurugenzi, kuna mkataba, na je, kuna hati iliyoghushiwa au mali iliyofichwa? Likionekana kosa la jinai, jalada lifunguliwe. Lisipoonekana, maelezo ya wote wawili yaandikwe, waelekezwe mahakamani kufungua madai, na ufunguo wa duka urudi kwa aliyekuwa nao asubuhi, mpaka hakimu aamue vinginevyo.