Pumzi, mzigo na presha ya damu



Wengi wetu viwandani na mashambani tunaambiwa tuna presha, lakini hatuelezwi inavyopanda. Leo tuzungumze juu ya pumzi na presha.

Moyo ni pampu. Husukuma damu katika mishipa, na nguvu ya damu hiyo juu ya kuta za mishipa ndiyo presha. Katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua kuna sehemu zinazopima nguvu hiyo na kuuarifu ubongo. Ubongo nao huamuru moyo uongeze au upunguze mwendo. Tukivuta pumzi, moyo huenda mbio kidogo. Tukiitoa, hupunguza mwendo. Mtu akitulia na kupumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, presha hushuka kidogo.

Sasa mtazame mpakiaji wa magunia. Hubana pumzi, akakaza tumbo, ndipo akanyanyua. Hapo kifua hubanwa na presha huruka ghafula. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapima wanyanyua vyuma wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu. Presha ilipita 300, na ya mtu mzima aliyetulia ni karibu 120. Kwa mwenye presha ya juu, hiyo ni hatari. Kwa hiyo tutoe pumzi tunaponyanyua, tusiibane. Mzigo usionyanyulika bila kubana pumzi ni wa watu wawili, au wa mkokoteni.

Jambo la pili ni kipimo. Tumeona wenzetu wakipimwa mara tu baada ya kupakia lori, wangali wanahema, kisha wakaandikiwa kuwa hawafai kazi. Hiyo si haki. Mtu akae kwanza dakika 5, ameegemea kiti, miguu chini, bila kuzungumza. Ikionekana 140 juu ya 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa.

Lakini tusidanganyane: pumzi si badala ya dawa. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa anajisikia mzima. Presha hukaa kimya mpaka siku inapoangusha mtu.

Basi katika mikutano ya matawi tudai mambo matatu: kupumzika kabla ya kupimwa, mikokoteni ya kutosha, na watu wawili kwa kila mzigo mzito. Mmoja akidai peke yake ataitwa mvivu. Tukidai sote, tutasikilizwa.