Je, Wajua Unga Unaoosha Utumbo?

Mwaka 1628 meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa ilizama Stockholm katika safari yake ya kwanza, hata bahari kuu haijaiona. Iliibuliwa mwaka 1961, mbao zake zimelowa maji ya zaidi ya karne tatu. Mbao za namna hiyo zikiachwa zikauke zenyewe husinyaa na kupasuka, kwa hiyo wataalamu walikaa miaka 17 wakizinyunyizia dawa iliyopenya ndani na kushika nafasi ya maji. Dawa hiyo inaitwa poliethilini glaikoli. Jamaa yake wa karibu, unga mweupe usio na harufu, ndiye anayekabidhiwa leo mtu aliyeandikiwa kolonoskopi. Huambiwa aukoroge kwenye maji, mara nyingi lita nne nzima, na azimalize.

Kolonoskopi ni kuchungulia utumbo mpana kwa mrija mnyumbufu wenye kamera kichwani. Mrija huo una unene wa sentimita moja na ushei, na hupitishwa njia ya haja kubwa hadi kule utumbo mpana unakoanzia, jirani na kidoletumbo. Watu huuogopa mrija. Waliokwisha kuupitia watakuambia mrija si neno, maana wengi hupewa dawa ya usingizi, na kwamba shughuli hasa ilikuwa usiku wa kuamkia kipimo. Rais Joe Biden wa Marekani alipofanyiwa kipimo hiki Novemba 2021 alilazwa usingizi, akakabidhi madaraka kwa makamu wake. Kwa dakika 85 Kamala Harris akawa mwanamke wa kwanza kushika mamlaka ya urais wa nchi ile. Kwa usiku wa maandalizi, hakuna makamu wa kukabidhiwa.

Kwa nini kuuosha utumbo kwa maji yote hayo? Daktari anatafuta vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Vingi havina madhara, lakini baadhi, vikiachwa miaka kumi hivi, hugeuka saratani. Akikiona kimoja, hukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mrija uleule. Basi kinyama cha milimita tano, hasa kile bapa kilicholala ukutani, hufichwa na utando mwembamba tu wa kinyesi. Huko Marekani na Ulaya, ambako kipimo hiki ni cha kila siku, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hufika utumbo haujasafika vya kutosha. Wengine hurudishwa nyumbani waanze upya. Kwa maoni yangu, sifa nyingi zinazomwagiwa kamera zingestahili kwenda kwenye jagi la maji.

Kabla ya mwaka 1980 maandalizi yalikuwa adhabu ya siku kadhaa: kula majimaji matupu, kunywa haluli au mafuta ya nyonyo, kisha kupigwa bomba la maji asubuhi ya kipimo. Katika miaka ya 1970 madaktari wengine walijaribu kuusukuma uchafu kwa lita nyingi za maji ya chumvi, yakipitishwa kwenye mpira wa puani. Utumbo ulisafika, ila mwili ulifyonza sehemu ya chumvi na maji yale, hatari tupu kwa mwenye moyo au figo dhaifu. Wengine wakaenda kwenye manitoli, aina ya sukari isiyofyonzwa kirahisi. Hiyo ilikuwa tamu na ilifanya kazi. Tatizo ni kwamba bakteria wa utumboni nao waliipenda, na walipoila walitoa gesi za haidrojeni na methani, ambazo zote hulipuka. Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa waliripoti kifo cha mgonjwa ambaye utumbo wake ulilipuka wakati kinyama kinakatwa kwa waya wa umeme.

Suluhisho lilitoka maabara, kwa watu waliokuwa wakichunguza jambo jingine. Watafiti wa mmeng'enyo walikuwa wamezoea kutumia poliethilini glaikoli kama alama: unaiingiza utumboni ukijua haitafyonzwa, kisha unapima imepungukiwa au imeongezewa maji kiasi gani. John Fordtran na Glenn Davis, huko Dallas, Texas, waliona kwamba kitu kisichofyonzwa, kisicholiwa na bakteria, na kinachoyang'ang'ania maji, hakina haja ya kubaki alama tu. Mwaka 1980, pamoja na wenzao, walichapisha mchanganyiko wao: unga huo pamoja na chumvichumvi zilizopimwa ili maji yasitoke kwenye damu kuingia utumboni, wala yasitoke utumboni kuingia kwenye damu. Unachokunywa ndicho kinachotoka. Ndiyo maana mtu anaweza kuharisha usiku kucha kwa dawa hii na asikaukiwe maji kama mgonjwa wa kipindupindu.

Hapo kuna jambo linalonifurahisha. Kila mama wa Afrika Mashariki anaijua ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. Sukari yake haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Glukosi hupita kwenye ukuta wa utumbo ikiwa imeikokota sodiamu, na maji hufuata nyuma. Kinywaji cha kolonoskopi kimetengenezwa kwa hesabu hiyohiyo iliyopinduliwa. Sukari imeondolewa, na sehemu kubwa ya sodiamu imefungwa kwenye salfeti, ambayo mwili hauifyonzi kwa urahisi. Ndiyo sababu hupaswi kukoroga sukari ndani ya jagi ili iteremke vizuri. Salfeti hiyo ndiyo pia inayolaumiwa kwa ladha ya chumvi na harufu ya yai. Kinywaji kikiwa baridi sana, na kikivutwa kwa mrija wa soda, hupita kwa nafuu.

Siku mbili tatu kabla ya kipimo, mgonjwa huambiwa aache karibu kila kitu anachosifiwa kukila mwaka mzima: dona, maharage, mchicha, mapera, pasheni. Nyuzinyuzi hubaki utumboni, na mbegu huziba tundu la kunyonyea la mrija, ambalo halifiki hata milimita nne. Wali mweupe, mayai na samaki vinaruhusiwa. Siku ya mwisho ni vimiminika vinavyopenyeza mwanga tu, kama chai ya rangi, supu iliyochujwa na maji ya dafu. Sharubati ya rosela hapana, kwa kuwa wekundu wake utumboni unafanana na damu. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa wiki moja kabla, maana hukifanya kinyesi kiwe cheusi na cha kunata. Anayetumia insulini au dawa ya kuzuia damu kuganda asijiamulie mwenyewe; apangiwe na daktari wake.

Zamani kinywaji chote kilinywewa jioni. Siku hizi hugawanywa, nusu jioni na nusu saa nne hadi sita kabla ya kipimo, hata ikibidi kuamka alfajiri. Utumbo mwembamba haulali, na usiku kucha huteremsha ute na nyongo vinavyoganda upande wa kulia wa utumbo mpana, upande ambao vinyama bapa hupenda kujificha. Glasi za alfajiri ni za kuosha upande huo.

Kazi ikikamilika, kinachotoka ni maji ya manjano yasiyo na chembe. Kufika hapo ni safari nyingi za chooni. Waliozoea kutawaza kwa maji wana nafuu kuliko wa karatasi, na mafuta ya mgando yakipakwa mapema huokoa ngozi. (Kama mtaani kwenu maji hukatika, jaza ndoo kabla hujafungua pakiti.) Bakteria wengi huondoka na maji hayo. Waliojibanza kwenye ute wa ukutani hubaki, kisha huanza kuzaliana chakula kinaporudi, na kwa kawaida jamii yao huwa imejirudia ndani ya wiki chache.