Bekapu ya Notepad++: usiiache kafe

Leo tuongelee bekapu, maana juzi imekula kwangu.

Nilikuwa kafe nachapa barua ya kuomba kazi kwenye Notepad++. Nimefika ukurasa wa pili, umeme ukakatika. Sikuogopa, nikijua programu ile hujihifadhia yenyewe. Umeme ukarudi, nikafungua: hamna kitu! Kumbe mashine za pale zikiwashwa upya zinafuta kila alichoacha mteja.

Sasa tuelewane. Notepad++ ni ya bure, ipo tangu 2003, na ina bekapu za aina mbili. Zote utazikuta kwenye Settings, halafu Preferences, halafu Backup.

Ya kwanza inashika maandishi ambayo hujayasevu. Weka tiki kwenye "Enable session snapshot and periodic backup". Kwa kawaida inaandika kila baada ya sekunde 7. Programu ikizimika ghafla, ukiifungua tena unayakuta.

Ya pili inafanya kazi pale unaposevu. Ukichagua "Simple backup", inabaki nakala moja ya faili lilivyokuwa kabla, yenye .bak mwishoni. Ukichagua "Verbose backup", kila ukisevu inaongezeka nakala yenye tarehe na saa kwenye jina. Hiyo ndiyo nzuri kama umeharibu kazi tangu jana, ila futa za zamani zisije zikajaza nafasi.

Tatizo liko hapa: ile ya kwanza inakaa ndani ya kompyuta unayotumia. Mashine ikifuta, nayo imekwenda. Isipofuta, ndiyo mbaya zaidi: anayekaa kiti chako baadaye anafungua Notepad++ na kusoma barua yako, namba ya simu na yote.

Dawa yake ni hii. Pakua Notepad++ ile ya "portable", ifungue ndani ya flashi yako na uiendeshe kutoka humo humo. Maandishi ambayo hujayasevu yatahifadhiwa kwenye flashi. Faili lenyewe pia lisevu humo, na kabla ya kuichomoa flashi funga programu.

Mwisho, flashi nayo hupotea. Kabla hujanyanyuka, jitumie nakala kwa barua pepe. Bekapu inayokaa pamoja na faili lake itapotea nalo.

Haya, na wewe ulishalizwa na nini? Tupe maoni yako hapo chini.