Mtoto Mmoja Hatoshi Kuwa Ushahidi



Vijijini mwetu husikika maneno kama haya: "Mwanangu alichelewa kusema. Nikampa dawa ya kuongeza damu. Haikupita miezi mitatu, akaanza kusema. Dawa ile nzuri kweli!"

Je, ni dawa iliyomsemesha? Pengine ndiyo. Lakini mtoto naye anakua. Pengine angesema tu, hata bila ya dawa. Basi tutajuaje?

Wako wataalamu wanaochunguza akili na tabia za watu. Elimu yao huitwa saikolojia. Njia wanayotumia ilishatumika papa hapa Pemba. Hebu tuitazame.

MAKUNDI MAWILI

Ukitaka kujua kama mbolea inafaa kwa muhogo, hutii shamba zima. Unatia upande mmoja, upande wa pili unauacha. Kisha unalinganisha. Kwa watoto ni vivyo hivyo. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili hupewa kitu kinachofanana na dawa, lakini hakina dawa ndani yake.

Nani aingie kundi gani? Hupigwa kura. Tukiwaacha watu wachague, pengine wenye uwezo ndio watakaowahi dawa. Watoto wao wanakula vizuri zaidi. Hapo hatutajua kilichowasaidia ni dawa au ni samaki.

Wazazi huelezwa yote haya mwanzo na kuombwa ruhusa. Lakini hawaambiwi mtoto yupi kapata ipi. Mzazi anayejua kuwa mwanawe anapata dawa atasikia neno hata pale mtoto anapoguna tu. Si mwongo. Ni mapenzi.

WASTANI

Watoto watano wamepimwa kusema. Wamepata alama 8, 9, 10, 11 na 12. Jumlisha: 50. Gawa kwa 5: unapata 10. Huo ndio wastani. Tunalinganisha wastani wa kundi hili na wa kundi lile.

Watoto watano lakini ni wachache. Ukirusha sarafu mara 4, inaweza kuanguka upande mmoja mara zote. Hiyo ni bahati tu. Ukiirusha mara 400, bahati ya namna hiyo haitokei. Ndiyo maana wataalamu hutaka watu wengi.

YALIYOONEKANA PEMBA

Mwaka 2001 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wadogo 614 wa Pemba. Kwa mwaka mzima baadhi yao walipewa dawa ya madini ya chuma, ambayo huongeza damu. Wazazi wa watoto 359 waliulizwa watoto wao wanasema nini na wanafanya nini. Kwa alama 20 za kusema, waliopata chuma waliwazidi wenzao kwa wastani wa alama 0.8. Faida ilikuwepo, ingawa ndogo.

Basi tungesema, wapewe watoto wote? Ngoja kwanza.

Uchunguzi mwingine hapa Pemba ulikuwa na watoto 24,076, wa miezi 1 hadi 35. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi sana kisiwani. Wengine walipewa chuma pamoja na vitamini ya foliki, wengine dawa isiyo na kitu. Wataalamu walikuwa wakihesabu huku kazi inaendelea. Mwezi wa Agosti 2003 walisimamisha kutoa chuma. Kwa nini? Kwa kila watoto 100 waliokufa au kulazwa hospitali katika kundi lisilopata chuma, kundi la chuma lenye idadi sawa lilikuwa na 112.

Tazameni hapo. Hakuna mama angeweza kuiona tofauti hiyo nyumbani kwake. Hata daktari mmoja asingeiona. Ilionekana kwa kuhesabu.

Tena walipowatazama watoto waliopimwa damu na kuonekana wamepungukiwa na chuma, na waliotibiwa malaria mapema, hao chuma kiliwafaa. Ikafahamika kuwa dawa ile ile humfaa huyu, na yaweza kumdhuru yule. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri kwamba penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na kinga na matibabu ya malaria.

TUFANYEJE?

Dawa ya chuma tusiitupe. Mama mjamzito asiache vidonge alivyopewa kliniki. Ila tusimpe mtoto dawa ya damu kwa kuwa tu mtoto wa jirani imemfaa. Tumpeleke kituo cha afya apimwe kwanza.

Na kila tukisikia "dawa hii imemponya fulani," tuulize mambo matatu: Walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani alichagua wa kupewa?

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini makundi hugawiwa kwa kura?
2. Watoto wanne wamepata alama 6, 7, 9 na 10. Wastani wao ni ngapi?
3. Ni dawa gani kijijini kwenu husifiwa kwa habari za mtu mmoja tu?